Nimeweka SSD na kuongeza RAM, laptopu imekuwa nzito kuliko mwanzo. Naombeni msaada wakuu

#1 Mleta uzi (Dodoma)

Wakuu habari za jioni. Hii ni wiki ya pili silali vizuri kwa sababu ya laptopu, na najua humu kuna mafundi, kwa hiyo naomba mnisaidie kabla sijatoa hela nyingine.

Nina steshenari ndogo jirani na chuo hapa Dodoma. Nachapa, naprinti, naskani, nabaindi ripoti za fildi na kuwasaidia wanafunzi kujaza maombi mtandaoni. Mashine ninayoitegemea ni Dell Latitude E5470, niliichukua mtumba miaka mitatu iliyopita. Prosesa (ubongo wa mashine) ni i5-6300U, ilikuja na hadidiski ya GB 500 na RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4. Ilikuwa nzito kuwaka ila ikishawaka inafanya kazi. Nikaona msimu wa ripoti unakuja, ngoja niiboreshe.

Nikampelekea fundi mjini. Tukakubaliana aweke SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ya GB 512, aongeze RAM ya GB 8 ili jumla ziwe 12, na betri mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa haimalizi dakika 20. Wakati naondoka akaniambia waya wa chaja yangu umechubuka, nitakuja kuunguza mashine, akaniuzia chaja mpya na ile ya zamani nikamwachia. Jumla laki 2 na elfu 70.

Pale kwake aliiwasha mezani nikaona kwa macho yangu: Windows imefunguka ndani ya sekunde chache, Word ukigusa tu ipo. Nikamshukuru nikaondoka na furaha zangu. Kufika dukani, nikachomeka, nikaanza kazi. Wakuu, laptopu imekuwa mzigo. Naandika "Sura ya Pili", vidole vimeshamaliza ndipo herufi zinaanza kujitokeza moja moja. Mausi nikiisogeza mshale unanifuata nyuma. Juzi dada mmoja alisimama mbele yangu na ripoti ya kurasa 46, mwisho wa kukusanya saa 8 mchana, saa 7 na nusu ndiyo hiyo. PDF ikawa inafunguka ukurasa mmoja, inaganda, ukurasa mwingine, inaganda. Akachukua flashi yake akakimbilia duka la pili. Iliniuma sana.

Nilichofanya mpaka sasa: nimepiga Windows 10 upya mara mbili, nimezima programu zote zinazojiwasha zenyewe, nimetoa RAM mpya nikabakiza ya zamani peke yake. Hakuna kilichobadilika, RAM mpya nikairudisha. Fundi nikimpigia ananiambia nimeingiza virusi. Na betri mpya nayo naiona kama feki, maana imekwama kwenye asilimia 58, haipandi hata nikiacha kwenye umeme usiku kucha.

Tatizo ni SSD, ni RAM au ni nini?

#2 Mdau wa Iringa

Pole sana mkuu. Mimi naanza na SSD, maana sokoni zimejaa za ajabu. Kuna zinazoandikwa GB 512 na ndani uwezo haufiki hapo, mashine inadanganywa tu. Kuna nyingine uwezo upo lakini zimetengenezwa kwa kubana gharama: faili za mwanzo zinaingia haraka, ukizidisha kidogo ule ukumbi wake wa mapokezi unajaa na spidi inaanguka hadi chini ya hadidiski ya kawaida. Pakua CrystalDiskMark, programu ya kupima spidi ya diski, uipime. SSD ya SATA (inayochomekwa kwenye njia ileile ya hadidiski) ikiwa nzima inatakiwa isome karibu na MB 500 kwa sekunde na kuendelea, haiwezi kuzidi 600 kwa sababu ndiyo mwisho wa njia yenyewe. Ukiona 120, rudi kwa fundi.

#3 Mdau wa Mbagala

Mimi naitazama RAM. Umechanganya 4 na 8, tena huenda moja ni ya spidi 2133 na nyingine 2400. Hizo haziwezi kukaa pamoja, ndiyo maana inastaki. Tafuta mbili zinazofanana.

#4 Fundi wa Mwanza

Wakuu, tusimtoe mwenzetu hela kwa kubahatisha. RAM za spidi tofauti zinakaa pamoja bila ugomvi, ya haraka inashuka kwenda na ya polepole, basi. Na 4 kwa 8 pia zinafanya kazi: GB 4 za kila upande zinakwenda sambamba, GB 4 zilizobaki zinakwenda kwa njia moja. Utapoteza kidogo sana, hutafika mahali pa herufi kuchelewa. Tena ameshaitoa na tatizo limebaki palepale.

Mleta uzi, naomba kitu kimoja. Mashine ikiwa katika hali hiyo hiyo ya uzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka nenda Performance. Niandikie namba nne kama zilivyo: asilimia ya CPU (ndiyo prosesa), spidi ya CPU kwa GHz, RAM iliyotumika, na asilimia ya diski. Usizizungushe, ziandike hivyohivyo. Halafu fanya na kile kipimo alichokuambia mdau wa Iringa, ni kizuri.

#5 Mleta uzi

Asante mkuu. Nimefanya sasa hivi, Word iko wazi na Chrome ina vichupo vitatu, mashine inakokota.

CPU asilimia 32, inacheza kati ya 31 na 33.
Spidi 0.78 GHz.
RAM 5.1 kati ya 12.
Diski asilimia 2.

CrystalDiskMark kusoma imetoa MB 498 kwa sekunde.

Ninachoshangaa, hakuna kilichojaa hapo. CPU haijafika hata nusu.

#6 Fundi wa Mwanza

Hapo hapo umeshika penyewe.

SSD yako ni nzima, 498 ni namba nzuri. RAM nusu iko tupu. Diski imelala. Tazama spidi: 0.78 GHz. Upande wa kulia chini ya grafu kuna mstari wa spidi ya msingi, kwako utakuta 2.40 GHz. i5-6300U ikipewa kazi inatakiwa ipande mpaka 2.9 au 3.0. Yako ina kazi mkononi na iko 0.78. Kuna mtu ameikaba koo.

Na hiyo asilimia 32 ndiyo inayopoteza watu wengi, nimeona mafundi wakipita juu yake. Windows 10 pale inapiga hesabu ya kazi kwa kulinganisha na spidi ya msingi. Chukua 0.78 gawanya kwa 2.40, unapata 0.325. Maana yake prosesa yako inafanya kazi kwa nguvu zake zote ilizoachiwa, imechoka hoi, ila kwenye grafu inaonekana imetumia theluthi moja tu. Ndiyo maana haipandi juu ya 33 hata ufungue nini.

Sasa tutafute nani ameikaba. Kwa kawaida ni joto, umeme, au mpangilio wa Windows wa kuokoa nguvu. Anza na joto: pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, fungua sehemu ya sensa, niambie nyuzi za CPU na uangalie kama kuna mstari wenye neno PROCHOT, umeandikwa Yes au No.

#7 Mdau wa Mbagala

Nakubali, nilikimbilia RAM. Ila sasa mimi nasema joto. Fundi akifungua mashine anaweza kulegeza lile bomba la shaba linalokaa juu ya prosesa, ile dawa ya kijivu katikati ikawa imekauka, prosesa inachemka na kujipunguza yenyewe. Niliwahi kuona laptopu ina skurubu 3 badala ya 4 kwenye bomba, ilikuwa inafika nyuzi 98 kwa kufungua YouTube tu.

#8 Mleta uzi

Nyuzi 44 hadi 47. Feni haisikiki hata kidogo. Mstari wa PROCHOT upo na umeandikwa Yes.

#9 Fundi wa Mwanza

Nyuzi 47 siyo joto. Prosesa hiyo kikomo chake ni 100. Kwa hiyo tuliondoe joto mezani.

PROCHOT ni waya wa ishara. Kazi yake ya asili ni prosesa kupiga kelele "nimechemka". Lakini waya huo unafanya kazi pande zote mbili, bodi kuu ya mashine nayo inaweza kuuvuta kuiambia prosesa "punguza mwendo" kwa sababu zake nyingine hata kama kuna baridi. Kwako bodi ndiyo inayovuta. Nina wazo tayari, ila kwanza nijibu: betri ikiwa 58 na chaja imechomekwa, pale kwenye alama ya betri Windows inaandika inachaji au imechomekwa lakini haichaji?

#10 Mleta uzi

Mkuu, kabla sijakujibu hilo, kuna kitu kimetokea leo saa 10 jioni lazima nikisimulie.

Nilikuwa naprinti muhtasari wa kikao cha kikundi cha akina mama, kurasa 9. Umeme ukakatika. Printa ikazima, taa zikazima, laptopu ikabaki na betri. Nikasema ngoja nihifadhi kazi kabla haijazima na yenyewe. Nikabonyeza kuhifadhi, ikahifadhi papo hapo. Nikashtuka. Nikafungua PDF ya yule dada ya kurasa 46, ikafunguka yote. Nikafungua Task Manager: 2.87 GHz. Nilikaa gizani na mashine ile kama dakika 20 nafungua faili na kufunga, ina wepesi ule ule niliouona kwa fundi.

Umeme ukarudi saa 11 kasoro. Sikugusa kitu. Macho yangu yako kwenye ile namba. Taa ikawaka, namba ikashuka: 2.87, halafu 0.78. Mshale ukaanza kunifuata nyuma tena.

Na kuhusu swali lako, inaandika imechomekwa, haichaji. Na nimekumbuka, pale kwa fundi iliwashwa mezani bila chaja.

#11 Fundi wa Mwanza

Basi tatizo liko kwenye chaja. Au kwenye tundu la chaja. Mengine yote uliyolipia yako sawa, na betri yako siyo feki.

Naeleza kwa kirefu kwa sababu hili linawakuta wengi wenye Dell za aina hii na wanaishia kununua SSD ya pili.

Chukua mdomo wa chaja yako, ule wa duara. Uangalie kwa tochi ya simu. Katikati utaona pini nyembamba kama sindano. Watu wanadhani ndiyo inayopitisha umeme. Hapana. Umeme unapita kwenye ukuta wa ndani na wa nje wa ile duara. Pini ya katikati ni ya mazungumzo. Ndani ya chaja ya Dell kuna chipu ndogo yenye kumbukumbu iliyoandikwa chaja hii ni ya aina gani: wati 65, volti 19.5, ampea 3.3 na kadhalika. Ukichomeka, laptopu inauliza kupitia pini ile, "wewe nani, una wati ngapi?" Chipu ikijibu, kila kitu kinafunguliwa. Isipojibu, laptopu haijui kama imeshika chaja ya wati 65 au kitu dhaifu cha wati 40. Ikijiachia ikavuta zaidi ya uwezo, chaja inaweza kuungua. Kwa hiyo inachukua tahadhari mbili: inakataa kuchaji betri na inaibana prosesa ishuke chini kabisa. Ukichomoa chaja, betri inajulikana uwezo wake, kibano kinaachiwa. Ndicho ulichokiona umeme ulipokatika.

Betri kugoma kwenye 58 na mashine kuwa nzito ni ugonjwa mmoja, siyo miwili.

Kinachonisumbua, Dell hawalifichi jambo hili. Mashine ikiwaka inatakiwa itoe maandishi kwenye skrini nyeusi kwamba aina na wati za adapta hazitambuliki, betri inaweza isichaji, na mfumo utapunguza utendaji kulingana na umeme uliopo. Wewe hujawahi kuyaona?

#12 Mleta uzi

Sijawahi kuyaona dukani kwangu. Lakini pale kwa fundi, kabla sijakabidhiwa, alichomeka chaja akawasha, kulikuwa na skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Akabonyeza vitu fulani kwenye kibodi, akaniambia hayo ni maandishi ya kawaida ya SSD mpya. Halafu akachomoa chaja akaendelea kunionyesha.

#13 Fundi wa Mwanza

Sitamhukumu mtu ambaye hayupo. Fanya hivi uone mwenyewe. Zima mashine, washa, nembo ya Dell ikitokea bonyeza F2 mara kadhaa mpaka uingie bayosi, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka. Upande wa kushoto fungua General, halafu Battery Information. Hapo wanaandika na aina ya adapta iliyochomekwa. Ukimaliza shuka mpaka POST Behavior, utafute Adapter Warnings. Angalia kama kile kisanduku kina tiki.

#14 Mleta uzi

Nimeingia. Kwenye adapta imeandikwa haijulikani. Adapter Warnings haina tiki. Mimi sijawahi kuingia humu tangu ninunue mashine hii. Nimeirudisha ile tiki, nikawasha upya, na maandishi yale meupe yametokea. Ndiyo yale yale.

Nimesoma neno kwa neno. Yanasema wazi kabisa mashine itapunguza utendaji. Wiki mbili nimepiga Windows mara mbili, na jibu lilikuwa limeandikwa kwenye skrini ila limefunikwa.

#15 Mdau wa Iringa

Mkuu kuna njia ya bure. Pakua ThrottleStop, programu ya kuzima vibano vya prosesa, kuna mahali pameandikwa BD PROCHOT, ondoa tiki. Prosesa inapanda papo hapo hadi 2.9, hutanunua chaja. Mimi niliitumia mwaka mzima.

#16 Fundi wa Mwanza

Inafanya kazi, sikatai, na kwa kupima tatizo ni nzuri: ukiondoa tiki mashine ikapona, umejua ni ishara kutoka kwenye bodi. Ila kuiacha hivyo mimi sishauri, hasa kwa mtu wa steshenari anayewasha asubuhi mpaka usiku.

Betri bado haitachaji, programu ile haigusi upande huo. Na ukishaondoa tiki ile umeziba sikio la prosesa: siku sehemu nyingine ya bodi inachemka kweli na kuvuta waya ule, haitasikia. Zaidi ya hapo hatujui ile chaja ina nini ndani. Kama ni ya wati 45 iliyobandikwa karatasi ya 65, unailazimisha ibebe mzigo usio wake, mezani, pembeni ya marundo ya karatasi. Naongea kwa uchungu kwa sababu nimeshapokea chaja iliyoyeyuka upande mmoja, mwenye nayo alikuwa amelala chumba hichohicho.

Mleta uzi, usinunue chaja bado. Tafuta mwenye Dell ya tundu kama lako, chaja iliyokuja na mashine, iandikwe 65 au 90, azima dakika 5. Ya wati 90 haina shida, laptopu inachukua inachohitaji. Ikitambulika, tatizo ni chaja yako. Isipotambulika, tatizo ni tundu la laptopu, na kwenye E5470 tundu hilo ni kipande chenye waya wake kinachobadilishwa bila kugusa bodi.

#17 Mwanafunzi (Morogoro)

Samahani wakuu naingilia uzi. Na mimi nimeongeza RAM kutoka 4 hadi 8, mashine haijabadilika hata kidogo. Kwenye sifa za kompyuta imeandika GB 8 lakini mbele yake inasema zinazotumika ni 3.41. Je, na mimi ni chaja? Laptopu yangu ni HP.

#18 Fundi wa Mwanza

Hapana mdogo wangu, wewe ni jambo jingine na jepesi. Hapohapo shuka mstari wa aina ya mfumo. Nahisi utakuta Windows yako ni ya biti 32. Hiyo haivuki GB 4 hata uweke RAM ya GB 32. Hamisha faili zako, upigiwe Windows ya biti 64 kuanzia mwanzo, haipandishwi juu kwa juu. Ukikuta tayari ni ya biti 64, rudi hapa tuangalie msconfig (mipangilio ya Windows ya kuwaka), huenda kuna mtu aliweka kikomo cha RAM kule.

#19 Mwanafunzi (Morogoro)

Ni ya biti 32 kweli. Asante sana kaka, Jumamosi naipeleka.

#20 Mleta uzi

Wakuu, nimerudi na majibu.

Leo mchana alikuja mwanafunzi wa mwaka wa tatu kuskani vyeti, begi lake lina Latitude E7470. Nikamwomba chaja yake, nikamwambia nakuskania bure. Imeandikwa wati 65. Nikazima mashine yangu, nikachomeka ya kwake, nikawasha. Maandishi meupe hayakutokea. Nikaingia bayosi kwa F2: wati 65, imeandikwa hivyo. Nikarudi Windows. Alama ya betri imebadilika, inachaji. Baada ya muda imepanda asilimia moja. Wakuu, kuiona ile namba inapanda nilifurahi kama nimeokota kitu.

Task Manager: 2.89 GHz huku natengeneza PDF ya kurasa 120. Feni nimeisikia kwa mara ya kwanza tangu nitoke kwa fundi. HWiNFO nyuzi 63, PROCHOT No.

Halafu nikaziweka chaja zote mbili kwenye kaunta, mdomo kwa mdomo, nikawasha tochi. Ya kwake pini ya katikati imesimama wima, inang'aa. Ya kwangu nayo ina pini, haijapinda, ukiitazama huoni tofauti. Uzito ndio tofauti: ya kwake ukiishika unasikia kuna kitu ndani, ya kwangu ni nyepesi kama boksi tupu la kiberiti. Namaanisha kwamba kwa macho tu nisingejua kamwe.

Swali: je, pini ipo ila chipu haimo?

#21 Fundi wa Mwanza

Hongera mkuu. Kuna za namna hiyo: pini imewekwa ili mdomo uingie na uonekane sawa, lakini nyuma yake hakuna cha kujibu. Kuna nyingine zina chipu ila waya mwembamba wa katikati unakatika mapema karibu na mdomo kwa kukunjwakunjwa. Dalili kwa mtumiaji ni ileile.

Ukienda kununua, nenda na laptopu. Chomeka pale dukani, ingia bayosi, mwenye duka aone wati zimeandikwa, ndipo utoe hela. Na kwenye msimu huu wa kazi usiikunje waya karibu na mdomo, izungushe kwa duara kubwa.

#22 Dada wa Mombasa

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimeusoma uzi wote kwa makini sababu mie pia niliweka SSD mwezi uliopita na mashine yaganda. Nimefanya kama alivyosema fundi: CPU yaenda 2.6, RAM yatosha, chaja ni ileile ya siku zote. Lakini kwenye Performance nina diski mbili. Ya SSD iko asilimia 1. Ile hadidiski ya zamani, waliniwekea mahali palipokuwa na DVD ili nisipoteze picha za harusi na faili za shule, hiyo yapanda hadi 100 na kukaa hapo dakika nzima hata sijaigusa. Nikifungua tu dirisha la mafaili, kompyuta yote yasimama. Je, ni ile SSD yaichukia hadidiski?

#23 Fundi wa Mwanza

Waaleikum salaam dada yangu. Umesoma namba vizuri kuliko mafundi wengi. SSD haina kosa. Hadidiski yako inakufa. Windows ikifungua dirisha la mafaili inaziamsha diski zote, inaiuliza na hiyo ya zamani, nayo inang'ang'ana kusoma sehemu iliyoharibika, inarudia na kurudia, na Windows inasimama kuisubiri.

Pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, angalia rangi. Ikiwa ya njano, tazama mistari miwili, 05 na C5. Hizo ni sehemu zilizohamishwa kwa ubovu na zile zinazosubiri kuamuliwa. Zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka, usipige foramati na usiendeshe ule ukaguzi wa diski wa Windows, unaichosha bure. Nunua diski ya nje leo, nakili picha kwanza, vitu vizito baadaye. Ukimaliza itoe kabisa.

#24 Dada wa Mombasa

Ni ya njano. C5 yasema 88 kwa hesabu ya kawaida. Naenda kununua diski ya nje sasa hivi kabla maduka hayajafungwa.

#25 Mdau wa Mbagala

Mleta uzi, ukiwa umeshapona, fikiria na suala la Windows. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha ya Windows 11, inaanzia cha 8 kwa Intel. Usije ukashawishiwa kuibadilisha kwa nguvu katikati ya msimu wa ripoti.

#26 Mleta uzi

Nimekuelewa mkuu, hilo nitalifungulia uzi wake msimu ukiisha.

Mrejesho wa mwisho. Jana nilirudi kwa fundi nikiwa na mashine na chaja aliyoniuzia. Sikwenda kwa shari. Nikaichomeka mezani kwake, nikaiwasha, maandishi yakatokea, nikamwomba ayasome kwa sauti. Akayasoma. Akaniambia kweli ile tiki aliitoa yeye, kwa sababu wateja wakiona maandishi wanaogopa, na chaja zile anazinunua kwa jumla bila kuzipima. Amenirudishia elfu 25 yangu, na chaja yangu ya zamani ilikuwa bado ipo kwenye boksi chini ya meza. Tumeipima pale pale, bayosi ikaandika wati 65. Waya uliochubuka ameufunga vizuri mbele yangu kwa ule mpira unaosinyaa kwa moto, hakunidai kitu. Na nimeona ametoa boksi zima la zile chaja mpya, amechomeka moja moja kwenye laptopu yangu. Kati ya 11, zilizotambulika ni 2. Hizo 9 ameziweka pembeni kuzirudisha kwa aliyemuuzia.

Leo asubuhi betri 100. Yule dada wa kurasa 46 amepita kuprinti barua, nikamwambia mashine imepona. Ameacha flashi, ana ripoti ya wenzake wanne.

#27 Dada wa Mombasa

Nimenakili picha zote za harusi, zimefunguka. Folda ya shule imekwama kwenye asilimia 71, imeanza kutoa sauti ya kugonga tik tik. Je, niiache iendelee au niizime?

#28 Fundi wa Mwanza

Zima sasa hivi dada. Iache ipoe mpaka kesho asubuhi, usiiguse, usiisogeze. Kesho uanze na faili ambazo huna nakala yake popote, moja moja, siyo folda nzima. Ikigonga tena, isimamishe na uniandikie hapa kabla hujamkabidhi mtu yeyote.